Kafyu Ilikuwa ya Wanaopanda Matatu

Siku hizi ukitaja kafyu watu wanacheka. Kila mtu ana hadithi yake. Huyu alilala kwa rafiki siku nne, yule aliruka ua la jirani, mwingine alikimbia karao hadi akaacha kiatu kimoja barabarani. Mastaa nao wakipewa maiki wanasimulia pati za siri za 2020 kama wanajeshi waliorudi vitani, na mtangazaji anagongagonga meza kwa kicheko. Hakuna anayewauliza swali la pili.

Swali la pili ni hili: hiyo sheria ilikuwa ya nani?

Maana sheria ilikuwepo, bana, tena kali. Kenya ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa corona tarehe 13 Machi 2020. Wiki mbili baadaye, tarehe 27, kafyu ikaanza, saa 1 jioni hadi saa 11 alfajiri. Serikali haikuwa na sheria mpya ya janga, kwa hivyo ilifungua kabati la zamani. Kafyu ilitolewa chini ya sheria ya utulivu wa umma, ile waliyotuachia wakoloni, ambao walikuwa na sababu zao za kutotaka Mwafrika atembee usiku. Kanuni za barakoa na za kufunga miji zilitolewa chini ya Sheria ya Afya ya Umma, ambayo ni ya 1921. Yaani babu yake babu yako angeitambua.

Ukikamatwa bila barakoa, faini ilifika shilingi 20,000 au jela miezi 6. Weka hiyo namba kando, itarudi.

Sasa angalia jinsi huduma za umma zilivyorekebishwa. Matatu ya watu 14 iliambiwa ibebe 8. Kiafya inaeleweka, hakuna ubishi. Lakini viti 6 vilivyobaki vitupu vililipwa na nani? Mwenye gari hakukubali kula hasara, serikali haikutoa kitu, basi nauli ikapanda na mwenye kulipa akawa ni yule yule aliyebanana pale nyuma kila siku. Mpaka Agosti 2021 ndipo magari yakaruhusiwa kujaa tena. Mwaka na zaidi abiria analipia hewa! Na mwenye gari lake je? Aliweka mafuta, akafunga kioo, akaenda.

Kisha kafyu yenyewe. Kumwambia mtu awe nyumbani saa 1 jioni wakati bosi anamwachilia saa 11 jioni, na matatu zinabeba nusu, ni kumwambia avunje sheria. Huyu anatembea kwa miguu kutoka Industrial Area hadi Kayole, roho mkononi, si kwa sababu ya ugonjwa bali kwa sababu ya rungu.

Likoni ndiyo iliyofungua macho. Siku ile ile ya kwanza, tarehe 27 Machi, jua bado liko juu, saa ya kafyu haijafika, watu wamejaa kivukoni wakingoja feri. Feri ilikuwa imeambiwa ipunguze abiria ili watu wasibanane, na saa ya kufika nyumbani ilikuwa imepunguzwa pia. Ukikata huku na kule, foleni lazima iwe ndefu. Polisi wakaja na vitoa machozi na virungu, wakawapiga watu kwa kosa la kusimama kwenye foleni iliyotengenezwa na amri za serikali yenyewe. Watu waliokatazwa kukaribiana wakalazwa chini pamoja, wakikohoa na kutema mate. Ukiwa na akili timamu unauliza, hapo ni afya gani inalindwa?

Siku chache baadaye, Kiamaiko, Nairobi, mtoto wa miaka 13 alipigwa risasi akiwa kwenye baraza ya ghorofa yao. Hakuwa barabarani. Alikuwa kwao, pale pale serikali ilipomwambia akae. Rais aliomba radhi kwa ukatili wa polisi. Tarehe 16 Aprili Mahakama Kuu ikasema kafyu ni halali lakini nguvu zilizotumika si halali. Bado ilipofika Juni, mamlaka inayosimamia polisi, IPOA, ilikuwa imehesabu vifo 15 vinavyohusishwa na polisi tangu kafyu ianze. Soma tena: vifo 15, na havikuletwa na virusi.

Haya. Sasa Mheshimiwa.

Jina lake halina haja hapa, wenye jiji wanamjua. Kijana, msomi, mtanashati, anaongea Kiswahili cha mtaa na Kizungu cha bunge, akiingia kwenye shoo DJ anasimamisha muziki kumsalimia. Ni wale wanasiasa ambao kurasa za burudani huwaweka kati ya mastaa, na yeye anafurahia. Katika kipindi hicho alikuwa na kazi moja nzito kuliko picha zote alizowahi kupigwa: alikuwa mwenyekiti wa kamati maalum ya Seneti kuhusu Covid. Kamati yake ndiyo iliyozunguka kusikiliza wananchi, na ikatoa mswada wa 2020 wa kukabiliana na majanga.

Na mswada wenyewe haukuwa mbaya. Hapa lazima haki itendeke. Ulisema mpangaji aliyeshindwa kulipa kodi kwa sababu ya janga amwandikie mwenye nyumba, wakubaliane jinsi ya kulipa baadaye, badala ya mlango kung'olewa na mabati kubebwa. Uligusa mikopo na kazi. Yaani kwa mara ya kwanza mtu alikuwa anaandika sheria ya dharura inayomtazama mtu wa bedsita badala ya kumpiga tu.

Julai 2020, usiku wa manane, polisi waliingia katika baa moja mtaa wa Kilimani. Wakati huo kafyu ilikuwa inaanza saa 3 usiku na baa zote nchini zilikuwa zimefungwa tangu Machi. Nani alikuwa ndani? Mwenyekiti. Mwenyewe.

Alipelekwa kituoni, akaachiliwa, akajiuzulu uenyekiti, akaomba msamaha mbele ya kamera. Mahakamani akakiri kosa. Faini: shilingi 15,000.

Rudisha ile namba sasa. Mama mboga akisahau barakoa, sheria inaruhusu atozwe hadi 20,000. Aliyeongoza kamati ya kuandika sheria ya janga, ndani ya baa iliyopaswa kuwa imefungwa, saa ambazo mbwa tu ndio wanatembea, alilipa 15,000. Kwake hiyo ni pesa ya meza moja wikendi. Kwa mama mboga ni stoki ya mwezi na pengine kibanda chenyewe.

Mashabiki wake wana majibu matatu, na wameyarudia mpaka yamechakaa.

Eti yeye ni binadamu. Sawa, na yule mtoto wa Kiamaiko alikuwa nani?

Eti hata wewe ungeenda ungeitwa. Pengine. Lakini wewe hukupewa kamati.

La tatu ndilo lenye uzito: alikiri, akalipa, akajiuzulu, wangapi wamefanya hivyo? Hapa wana pointi, na asiyeikubali anafanya siasa tu. Katika nchi ambayo mkubwa akikamatwa anapiga simu moja na askari ndiye anayeomba msamaha, mtu kusimama kortini na kusema "ni kweli" si jambo dogo. Wako waheshimiwa waliofanya mikutano ya hadhara yenye maelfu wakati mazishi yalipangiwa watu 15, na hakuna hata mmoja aliyerudisha cheo. Lakini kumsifu kwa hilo ni kama kumsifu mwizi kwa kurudisha ndoo wakati maji yameshamwagika. Shida haikuwa bia. Shida ni kwamba wananchi walikuwa wameombwa kuamini kwamba maumivu yanagawanywa, na mtu aliyepewa kazi ya kuyagawanya alionekana hana fungu lake.

Kilichofuata? Mswada haukuwa sheria. Hakuna anayeweza kusema uliuawa na usiku mmoja wa Kilimani, miswada hufa Bungeni kila mwaka bila msaada wa pombe. Ila baada ya hapo, nani mtaani angesimama kuutetea? Gumzo lote likawa ni yeye. Alivaa nini, alikuwa na nani, alisema nini kwa askari. Kurasa za udaku zilikula wiki nzima kwa hadithi hiyo, na kipengele cha kodi ya nyumba hakikupata hata aya moja. Miaka miwili baadaye, Agosti 2022, wapiga kura wakampa kiti kikubwa zaidi ya kile alichokuwa nacho.

Na msifikiri ni wanasiasa peke yao. Kulikuwa na mastaa waliokula pesa za matangazo ya "kaa nyumbani", barakoa imeshonwa nembo, mikono inapakwa sanitaiza polepole mbele ya kamera, halafu Jumamosi usiku wanaposti glasi na muziki kutoka jumba la mtu huko Runda au Nyali. Nyumba yenye geti refu haijawahi kusikia rungu. Sosholaiti aliyekuwa anarekodi watu wakicheza saa 8 usiku alijua hilo, la sivyo asingeposti.

Wakati huo huo tasnia hiyo hiyo ilikuwa inakufa njaa chini. Mpiga kinanda wa bendi ya hoteli, DJ wa harusi za mtaani, emsii wa matanga, wapangaji wa viti na mahema, wote walizimwa siku moja. Aprili 2020 Rais alitangaza shilingi milioni 100 kutoka hazina ya michezo ziwafikie wasanii. Gawanya na wasanii wa nchi nzima, uone kama inatosha hata sabuni. Msamaha wa kodi nao ulipitishwa mwezi huo: anayelipwa hadi 24,000 kwa mwezi asikatwe kodi ya mshahara, na VAT ikashuka kutoka asilimia 16 hadi 14. Vizuri. Lakini emsii wa matanga hana pesilipu. Fundi viatu hana pesilipu. Sheria ya dharura iliwatafuta watu kwenye karatasi ambazo hawajawahi kuwa nazo, na ilipofika Januari 2021 VAT nayo ikarudishwa asilimia 16.

Upande wa vifaa vya hospitali, mambo ya KEMSA na zile bilioni 7.8, Wakenya walishachoka kuyasikia. Walipewa hata jina, mamilionea wa Covid, likawa karibu kama jina la bendi. Tuachie hapo.

Kuna mtu mwingine wa kipindi kile ambaye hakuna redio inayomwita asimulie, au ikimwita ni dakika tano kabla ya taarifa ya habari. Daktari wa akina mama, Nairobi. Aliona jambo ambalo walioandika amri hawakuliona: wodi za wazazi usiku zilikuwa zinabaki tupu, halafu wanawake wanaletwa wakiwa wamechelewa, hali mbaya. Sababu iko wazi. Uchungu hauangalii saa. Ukianza saa 4 usiku, boda haipo, teksi inaogopa, ambulansi ni ya bahati. Orodha ya huduma muhimu iliyoambatana na amri ya kafyu ilikuwa na madaktari, wenye supamaketi, vituo vya mafuta, mabenki, vyombo vya habari, kampuni za ulinzi. Mwanaboda anayembeba mjamzito hakuwemo. Huyo daktari aliandika mtandaoni kwamba mwenye uchungu usiku ampigie, atamtafutia usafiri bure. Simu ikafurika mpaka akazidiwa. Ndipo ukazaliwa mpango wa Wheels for Life, nambari ya bure, teksi zenye ruhusa ya kutembea usiku, na daktari wa kuongea na mama kwenye laini.

Kazi hiyo ilikuwa ya nani kisheria? Si yake. Kiraka hicho kilipaswa kuwa ndani ya ile amri tangu siku ya kwanza: mjamzito na anayemsafirisha wapite. Sentensi moja tu. Waliokuwa na jukumu la kuiandika walikuwa na magari.

Kafyu iliondolewa tarehe 20 Oktoba 2021, sherehe za Mashujaa, watu wakarukaruka, klabu zikajaa usiku huo huo. Sheria ya utulivu wa umma ilirudishwa kabatini jinsi ilivyotolewa. Ya 1921 iko palepale. Mswada wa mpangaji na mwenye nyumba uko kwenye mafaili ya Bunge, na aliyeubeba ana ofisi kubwa, walinzi na king'ora.

Kwa hivyo staa atakapoketi tena studioni kusimulia pati yake ya 2020, mtangazaji amruhusu amalize, acheke naye ikibidi, halafu amuulize ile nyumba ilikuwa mtaa gani, na kama usiku ule kuna askari yeyote aliyegonga geti.