Sitara Ni ya Mtoto, Si ya Aliyemdhulumu

Leo tunawaelekea hasa walimu wa madrasa, viongozi wa vikundi vya vijana na wote waliokabidhiwa watoto wa watu.

Suratun-Nur imetufunza adabu ya kubisha hodi, na hata ndani ya nyumba imetaja nyakati tatu za faragha. Leo mtu asiyejulikana humwingilia mtoto chumbani usiku kwa njia ya simu, bila hodi. Hujifanya kijana mwenzake, humsifu, humtumia vocha, kisha humwomba picha. Akishaipata, kauli hubadilika: lete nyingine, au lete pesa, la sivyo baba yako ataiona.

Utafiti wa UNICEF, ECPAT na Interpol uliotolewa mwaka 2022 ulionesha kwamba nchini Tanzania, kati ya watoto wa miaka 12 hadi 17 wanaotumia intaneti, takriban 4 katika kila 100 walifanyiwa ukatili wa kingono mtandaoni ndani ya mwaka mmoja. Ni nadra mambo haya kufikishwa polisi. Mharibifu analijua hilo. Silaha yake kubwa ni hofu ya mtoto kwamba akisema atapigwa na kuaibishwa. Kila tunapotanguliza bakora, tunamnolea kisu.

Basi ustadhi, mtoto akikujia, msikilize bila kufoka, na umwambie amefanya vyema kusema. Asilipe, wala asitume picha nyingine. Ujumbe usifutwe, kwani ndio ushahidi. Picha isisambazwe, hata kwa nia ya kuwaonesha wazee. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kusambaza picha chafu za watoto. Kisha nendeni, pamoja na mzazi au mlezi anayeaminika, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, au pigeni namba 116, ambayo ni simu ya bure ya huduma kwa mtoto.

Huenda mtu akauliza: je, hatukuamrishwa kusitiriana? Naam. Sitara hiyo ni ya mtoto: jina lake lisitajwe barazani wala msikitini. Ama aliyemdhulumu, kumficha leo ni kumkabidhi mtoto mwingine kesho.

Nasi walimu tujipime. Mwalimu anayemwandikia mwanafunzi faraghani usiku, hata kama ni kwa ajili ya somo, amefungua mlango ambao ni vigumu kuufunga. Mawasiliano yetu na wanafunzi yapitie mahali wazazi wanapoyaona.

Hadithi ya uchungaji, iliyopokewa na Bukhari na Muslim, tunaihifadhi na kuifundisha. Kundi letu sasa linalisha malisho tusiyoyaona kwa macho. Siku tutakapoulizwa, haitakuwa hoja kusema kwamba hatukujua kutumia simu.

Wabillahi tawfiq.