AFYA YETU: Haumwi, lakini ujipimishe



Kisha mukutano wa juma lililopita, mama mumoja aliuliza: «Siumwi kitu. Juu ya nini munganga anasema nijipimishe kanseri ya shingo ya kizazi?» Wengi tuko na ulizo hilo, basi tulijibu pamoja.

Kanseri hiyo inaletwa na virusi vya papiloma, vinavyopita kati ya bibi na bwana. Karibu kila mutu anakutana navyo. Lakini mwili uko na askari wake: mara nyingi wanavifukuza ndani ya mwaka mumoja ao miwili, na mama hajui hata kama kulikuwa vita.

Askari wanapopigana, mwili unawaka: unavimba, unakuwa mwekundu. Moto huo ni muzuri, sawa ule wa mbabula: unapika bukari, kisha unazimika. Mbabula ikiachwa inawaka usiku mzima ndani ya nyumba, inaua. Vilevile moto wa mwili usiozimika unaharibu nyama na kusaidia kanseri. Ndivyo inavyotokea katika kibofu kwa sababu ya bilharzia, na katika maini kwa sababu ya hepatiti B.

Katika shingo ya kizazi, virusi vikibakia, nyama inageuka pole pole, bila maumivu. Inaweza kuchukua miaka 15 mpaka 20 kufikia kanseri. Kwa mama mwenye virusi vya SIDA asiyekunywa dawa, askari wamechoka: inaweza kuchukua miaka 5 mpaka 10 tu.

Ndiyo sababu tunajipimisha tukiwa wazima, kuanzia miaka 30. Mwenye virusi vya SIDA, kuanzia 25. Munganga anapakaa dawa ya siki. Kisha dakika moja, mahali palipogeuka panakuwa peupe. Pakitibiwa wakati huo, kanseri haipate nafasi.

Mama anayekunywa dawa za SIDA asiache hata siku moja: zinawarudishia askari nguvu. Na ukiona damu kisha kulala na bwana, ao kisha damu ya mwezi kukoma kabisa, usingoje.

Mama yule amekubali kwenda siku ya tatu. Tutamusindikiza. Na wewe, utakuja na sisi?