Neno Letu: Kuchora

Neno letu mara hii ni kuchora. Siku hizi tukilisikia tunafikiria kalamu na karatasi, lakini kamusi za zamani zinalipa maana mbili: kuandika picha, na kukata nakshi kwenye mti. Maana zote mbili tumezikuta katika kitabu kimoja cha Kiingereza.

John Tenniel ndiye aliyechora picha 42 za hadithi ya Alice, iliyoandikwa na Lewis Carroll na kutolewa mwaka 1865. Yeye alichora juu ya kibao cha mti mgumu, picha ikiwa kinyume kama inavyoonekana kwenye kioo. Kisha kibao kilipelekwa kwenye karakana ya ndugu Dalziel, London. Huko mafundi walichimba kila mahali palipotakiwa kubaki peupe, wakaacha mistari imeinuka ili ipokee wino. Mkono ukiteleza, uso wa Alice umeharibika.

Tazameni pembeni mwa picha hizo. Mna herufi za Tenniel, na mna jina Dalziel. Je, Dalziel yupi? Walikuwapo George, Edward, John na Thomas. Dada yao Margaret naye alikuwa fundi. Na walikuwapo waajiriwa. Wote wamefunikwa na jina moja.

Nakala 2,000 za kwanza zilipochapwa Oxford, Tenniel alilalamika kwamba picha hazikutoka vizuri, na Carroll akakubali kitabu kichapwe upya. Mwenye jina akisema, husikilizwa. Vibao vyenyewe vilikutwa mwaka 1985 katika chumba cha hazina cha benki, na sasa vimo British Library.

Hadithi hiyo imefika kwetu pia. Mwaka 1940 ilitoka Elisi katika Nchi ya Ajabu, na humo Elisi amechorwa msichana wa Kiafrika. Mwaka 2015 Ida Hadjivayanis aliitafsiri upya, na humo zimo picha za Tenniel. Yaani mistari iliyoachwa na mafundi wale bado iko mbele ya wasomaji wa Kiswahili.

Tuliotoka pwani hatushangai. Mlango wa nakshi husifiwa kwa jina la mwenye nyumba. Fundi ni nadra kutajwa.

Kwa hiyo tunaleta hoja kwenye mkutano ujao: ukurasa wa mwisho wa jarida letu utaje kila mkono, yaani aliyeandika, aliyesahihisha, aliyechora, aliyepanga kurasa, na aliyekaa usiku akizikunja nakala na kuzibana pini. Wapo watakaosema orodha ni ndefu kwa jarida dogo. Sisi tunaona nafasi ipo, hata ikibidi safu hii ipunguzwe mistari mitatu. Nanyi njooni mseme.