Shilingi 40 ya Kibaki Haitakutoa Kambini

Leo sizunguki. Zile video zinazosambaa kwenye magrupu yetu, eti "ukiwa na sarafu hii wewe ni milionea", ni uongo. Na kila anayezisambaza anawasaidia wezi, hata kama yeye mwenyewe hajui.

Mnazijua. Mkono umeshika shilingi 40 ya mwaka 2003, ile yenye sura ya Rais Kibaki. Sauti inasema kuna tajiri ng'ambo anainunua kwa malaki, wengine wanafika mpaka milioni. Chini kuna namba ya simu. Wiki hiyohiyo utaona vijana wanapekua masanduku ya mama zao, wanauliza duka kwa duka, wanamwaga kopo la chenji ya mandazi na kukagua moja moja.

Kupekua hakuna ubaya, nitarudi hapo. Ubaya uko kwenye ile namba ya simu.

Mchezo unaenda hivi. Unapiga, anakuita "bosi". Anaomba picha ya sarafu pande zote mbili. Anaifurahia sana, anakuambia una bahati. Halafu kuna ada ya usajili, 500 tu. Ukishatuma, kuna cheti, 1,500. Halafu mnunuzi amefika Nairobi lakini forodha wamemzuia, inabidi umuongezee kidogo. Ukiishiwa, namba haipatikani tena.

Katika bloku yetu kuna dada anayefundisha chekechea. Insentivu yake yote ya mwezi ilikwenda hivyo. Kijana mwingine aliambiwa atume picha ya hati yake ya ukimbizi "ili malipo yatoke kwa jina lake". Fikirini hiyo. Pesa utaitafuta tena. Lakini jina lako, namba yako ya usajili na sura yako sasa viko kwa mtu usiyemjua, na kesho anaweza kumpigia mama yako akijifanya ni ofisi ya kupeleka watu Canada.

Sasa tuje kwenye sarafu yenyewe, maana uongo huu umejengwa juu ya ukweli mdogo. Ni kweli kwamba sarafu ya kawaida, ya juzi tu, inaweza kuuzwa zaidi ya thamani iliyoandikwa juu yake. Mwaka 2009 Waingereza walitoa peni 50 ya kuadhimisha miaka 250 ya bustani ya mimea ya Kew, London. Zilitengenezwa 210,000 tu, wakati peni 50 nyingi nyingine hutengenezwa kwa mamilioni. Watu walizitumia kununulia mkate bila kujua. Miaka ikapita, habari ikaenea, na watu wakaanza kukagua chenji zao. Mwaka 2023 ikatoka nyingine yenye samaki wa salmoni, 200,000 tu. Hizo ndizo peni 50 adimu kuliko zote zilizoingia kwenye matumizi ya kila siku.

Na bei? Ile ya Kew inauzwa pauni mia na kitu. Soma tena: mia na kitu. Hiyo ndiyo iliyokuwa adimu kuliko zote kwa miaka mingi, katika nchi yenye wakusanyaji wengi wenye pesa. Hainunui hata tiketi ya ndege ya familia. Sasa wewe unaambiwa ya kwako ni milioni?

Marekani nako, mwaka 2019 na 2020, serikali ilichanganya makusudi kwenye chenji robo dola zenye herufi ndogo W, alama ya kiwanda cha West Point, ili watu wapende kutafuta. Kila mchoro ulitengenezewa sarafu 2,000,000. Ndugu zetu waliohamishiwa kule wanaweza kurudishiwa moja dukani leo. Aliyeipata anapata dola kadhaa. Ni furaha nzuri, lakini hakuna aliyeacha kazi kwa sababu yake.

Bei ya sarafu inatoka kwenye mambo matatu: zilitengenezwa ngapi, zimebaki ngapi katika hali nzuri, na watu wangapi wanazitaka. Uzee peke yake si kitu. Zile sarafu za tundu za Afrika Mashariki za mwaka 1936, zenye jina la Mfalme Edward VIII aliyeacha kiti kabla hata ya kuvikwa taji, wazee wengi wanazihifadhi wakidhani ni utajiri. Zilitengenezwa kwa mamilioni. Bei yake ni ndogo mpaka leo.

Turudi kwa Kibaki. Shilingi 40 ilitolewa kuadhimisha miaka 40 ya uhuru wa Kenya. Huioni sokoni kwa sababu watu waliipenda wakaiweka nyumbani. Kitu ambacho kila mtu amekificha si adimu, kimejificha tu. Mkusanyaji wa kweli anaweza kukupa zaidi ya 40, sawa, lakini ni pesa ya soda, si ya kujenga nyumba.

Najua mtaniambia: "Lakini mbona kwenye intaneti nimeona imewekwa dola 5,000?" Ndugu yangu, kuweka bei ni bure. Hata mimi naweza kuweka kandambili zangu dola 5,000 sasa hivi. Angalia bei iliyolipwa, usiangalie bei iliyoombwa. Na wengine mtasema: "Kuna jamaa aliuza kweli, nilisikia." Ulimwona? Ulishika hiyo pesa? Au na yeye alisikia kwa mwingine?

Sasa neno kwa wafanyakazi wa mashirika mnaotusoma. Nimewasikia baadhi yenu mkicheka: "Hawa vijana wanaamini kila kitu." Acheni. Wakongomani tunajua kukagua pesa kuliko wengi wenu. Kule kwetu dola yenye mpasuko mdogo pembeni inakataliwa sokoni, kwa hiyo mtoto wa miaka kumi anajua kuinua noti juani. Tunachokosa ni habari. Mnatupeleka kwenye semina za ujasiriamali, tunaandika mpango wa biashara ambao hakuna atakayeupa mtaji, tunapewa cheti na soda. Lini mmefundisha bei inatengenezwaje? Lini mmefundisha kumtambua tapeli anayetumia hati ya mkimbizi? Weka saa moja ya hilo kwenye semina yenu, itaokoa pesa nyingi kuliko kile cheti.

Wala msituambie "tamaa mbele, mauti nyuma". Mtu ambaye mgao wake umekatwa akisikia kuna pesa mfukoni mwake hana tamaa, ana njaa. Tapeli anajua hilo. Ndiyo maana video inakuja wakati mgao umepungua.

Kwa nini basi nimesema kupekua hakuna ubaya? Kwa sababu sisi tuliotoka Kongo hatukuzoea sarafu. Kwetu ni faranga za karatasi na dola. Hapa Kenya ndipo wengi wetu tulianza kushika chuma chenye sura na tarehe. Mwaga chenji yako uisome. Utamkuta Mzee Kenyatta, utamkuta Moi, ukibahatika Kibaki, halafu Kenyatta anarudi tena mwaka 2005. Halafu sura za watu zinakoma: twiga kwenye shilingi 1, kifaru kwenye 5, simba kwenye 10, tembo kwenye 20. Kwa nini? Kwa sababu katiba ya 2010 ilikataza sura ya mtu yeyote kwenye pesa, na sarafu mpya zikatoka Desemba 2018. Hiyo ni historia ya nchi inayotuhifadhi, na haina ada ya usajili.

Kwa hiyo anayependa kutafuta, atafute. Soma mwaka, angalia kama kuna kosa la kiwandani, linganisha na mwenzako. Usiisugue kwa majivu wala ndimu, maana sarafu iliyosuguliwa mkusanyaji anaishusha bei. Ukipata ya ajabu, iweke kwenye karatasi safi.

Lakini shikeni hili: mnunuzi ndiye anayelipa. Ukiambiwa utume hata shilingi 10 ili uuze kitu chako, huyo si mnunuzi. Ukiambiwa utume hati yako, kata simu.

Na nyinyi maadmini wa magrupu, kazi ni yenu. Video ikiingia, ifuteni siku hiyohiyo, na muandike kwa nini mmeifuta. Aliyetapeliwa aseme bila kuchekwa, na namba aliyotumia tapeli ibandikwe kwenye kila grupu, kuanzia Kakuma 1 mpaka Kalobeyei. Tukinyamaza kwa aibu, kesho atapigiwa mwingine.