Kuja na Nguo Tu

Wadau, leo sina utani. Kama wewe ni landilodi na umeandika "kuja na nguo tu" kwa tangazo la nyumba yako, keti hapo kwa hiyo kochi ya velveti tuongee.

Hayo maneno nimeyasema mimi mwenyewe kwa video zaidi ya thelathini. Ndiyo kazi yangu. Niliacha chuo mwaka wa pili, nikashika simu na taa ya stendi, na siku hizi nalipwa kuzunguka Roysambu, Kasarani na Ruaka nikiwaonyesha nyumba zilizo na fanicha. Landilodi ananitumia 3,000 kwa M-Pesa, naingia, nawasha mataa za rangi, napigapiga mto wa kochi, nasema, "Wasee, hii ni ya kuja na nguo tu!" Kisha huyo natoka. Sijawahi kulala hata usiku mmoja kwa hizo nyumba.

Mwezi jana dada mmoja akaniandikia inboksi. Alikuwa amepata kazi Nairobi, ametoka Kitale na mtoto wa miezi minne. Aliona video yangu akachukua nyumba. Kodi 32,000, dipoziti 32,000. Kwa jengo hilo hilo, chumba cha ukubwa huo huo bila fanicha ni 18,000. Na hakuongeza hizo 14,000 kwa sababu ya TV. Aliongeza kwa sababu ya friji. Asubuhi kabla ya kazi anakamua maziwa, anayaweka, yaya anampa mtoto mchana. Maziwa ya mama yakikaa nje unahesabu masaa, kama manne hivi. Kwa friji yanaweza kukaa hadi siku nne. Alikuwa amepiga hesabu yake vizuri kabisa.

Friji iliwaka taa. Basi. Haikupoesha kitu. Lilikuwa kabati lenye taa ndani. Na kwa ile video, ni mimi ndiye nimefungua huo mlango, taa ikawaka, nikasema "na friji hiyo hapo."

Alipompigia landilodi akaambiwa walikubaliana kuna friji, na friji iko, kama anataka baridi aite fundi. Alikaa wiki sita akinunua maziwa ya kopo ambayo hakuwa amepangia, kisha akahama. Dipoziti haijarudi. Ameambiwa kwanza itakatwa 9,000 za kutengeneza friji. Friji ambayo aliikuta imekufa!

Nilisoma hiyo mesiji mara tatu. Halafu nikarudi kwa video zangu nikaanza kuhesabu kile huwa naonyesha. TV ya inchi 55, ndiyo. Nyasi za plastiki kwa ukuta, ndiyo. Yale maandishi ya taa, sijui "Good Vibes", yako karibu kila nyumba, ni kama wananunua kwa fundi mmoja. Sufuria? Sikuona. Mahali pa kupikia? Nyumba nyingi zilikuwa na koili moja ya stima juu ya meza. Pasi hakuna. Ndoo hakuna, na hii ni Nairobi, maji yanakuja siku yakitaka.

Hizi nyumba zimepangwa kwa ajili ya kamera. Kila kitu kinachoonekana kwa video kimenunuliwa, na kila kitu kinachofanya mtu aishi kimeachiwa mpangaji. Halafu kodi inapanda karibu maradufu.

Nitasema vile mimi naona, na landilodi aje anipinge. Ukiitisha pesa ya nyumba iliyo na vitu, mpangaji anafaa kuweza kupika, kuhifadhi chakula, kuoga maji moto na kupiga nguo pasi siku ile ile ameingia. Yaani friji inayopoesha. Meko ya gesi ya vichwa viwili na mtungi wa kilo 6, ukiwa umejaa siku ya kwanza, mimi nitajaza unaofuata. Birika la stima, pasi, sufuria hata tatu. Shawa ya maji moto ambayo haikurushi na shoti. Kitanda na godoro sitaji, mpaka hapo tukianza kubishana tumeisha.

Sidai mashine ya kufua. Sidai blenda wala maikrowevu. Na TV yako, landilodi, tafadhali uza. Sisi tunaangalia kila kitu kwa simu.

Hiyo koili inanikera kuliko vyote, manake inafanana na zawadi. Koili ya wati 1,000 inakula unit moja ya stima kila saa. Chemsha githeri masaa matatu, unit tatu zimeenda, na tokeni ni zako. Landilodi amenunua kifaa cha bei ya chini kabisa akakuachia cha gharama ya juu kabisa kukitumia. Tena nyumba nyingi jikoni kuna soketi moja. Hiyo soketi ni ya ampea 13, karibu wati 3,000 kwa stima yetu. Weka koili ya 1,500 na birika la 2,000 kwa ekstensheni moja ujionee vile plagi inayeyuka. Kwa hivyo tukisema vifaa, tunasema na waya zilizo nyuma ya ukuta pia.

Najua jibu linakuja. "Wapangaji wanaharibu. Wapangaji wanahama usiku na friji mgongoni." Ni kweli, wako, na mmoja ni binamu yangu. Lakini dipoziti ni ya nini sasa? Andika orodha. Piga picha kila kitu kikiwa kinafanya kazi, andika namba ya friji, sote wawili tutie sahihi, kila mmoja abaki na nakala. Hapo nikivunja nitalipa bila kelele, na nikikuta imekufa hutanikata 9,000. Landilodi wengi hawataki hiyo karatasi kwa sababu inawafunga na wao.

Na msiniambie vitu ni ghali. Nilienda Luthuli nikauliza bei ya friji ndogo, meko, birika na pasi, nikashuka Kamukunji nikauliza sufuria. Zote pamoja hazikufika 42,000. Hizo ni zile 14,000 za juu mara miezi mitatu. Mwezi wa nne landilodi anakula faida.

Sheria nimeisoma kwa simu, mniwie radhi mawakili. Sheria ya kudhibiti kodi, Sura ya 296, inalinda nyumba za kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi, ziwe na fanicha au zisiwe nayo. 2,500! Nionyesheni nyumba yenye kochi Nairobi kwa 2,500 nihamie leo. Katiba nayo, kifungu cha 46, inasema mtumiaji ana haki ya bidhaa na huduma za ubora unaofaa, lakini katiba haiji kukuangalilia friji. Kitu nimepata chenye meno kidogo ni mahakama ya madai madogo. Inasikiza madai yasiyozidi milioni moja, inafaa kuamua ndani ya siku 60, na si lazima uwe na wakili. Yule dada hakuwa anaijua. Mimi pia sikuwa naijua, na ninajiita mtu wa nyumba.

Ile video nimeitoa. Ilikuwa imetazamwa mara 41,000, na 3,000 ya landilodi nimemtumia dada, haitoshi hata kopo mbili tatu za maziwa. Kuanzia sasa naingia nyumba na glasi ya maji, naiweka kwa friji, nasubiri saa moja tukipiga stori na keateka, kisha nainywa mbele ya kamera. Landilodi wawili tayari wamekataa. Mmoja ameniuliza kwani mimi ni fundi.

Jumatatu tunaenda kuweka hayo madai na dada. Nimehifadhi video kwa simu, na taa ya friji inaonekana vizuri sana. Landilodi wa Roysambu, unanijua, na namba yangu unayo.