Mtoto afundishwe kuanguka kwanza, picha baadaye

Kuna video imezunguka sana kwenye magrupu ya watu wa Nyakatuntu. Baba mmoja mzaliwa wa huko, sasa anatafuta maisha Nairobi, kampeleka bintiye wa miaka minne kuteleza kwenye barafu. Mtoto analia, baba anamvuta kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika simu. "Cheka mama, bibi anakuona!" Basi, wadau wamegawanyika. Wengine wanampongeza kwa kwenda na wakati, wengine wanauliza barafu ya nini kwa mtoto wa Kinyambo.

Jamani, barafu haina kosa. Nairobi kiwanja cha barafu cha Panari, Barabara ya Mombasa, kilifunguliwa mwaka 2005, na mwaka 2024 Kenya ikapokelewa kwenye shirikisho la dunia la hoki ya barafu. Mtoto wa Kyerwa naye anaweza. Kosa ni haraka ya kutafuta kiki.

Kwanza, mtoto mdogo havutwi mkono hivyo. Kiwiko cha mtoto wa chini ya miaka mitano huteguka kirahisi kikivutwa ghafla. Anayemsaidia asimame karibu, ampe mikono yote miwili, na mtoto asimame kwa miguu yake.

Pili, somo la kwanza ni kuanguka. Avae kofia ngumu na glavu, viatu vimkae sawasawa na kamba zikaze kwenye kifundo. Kabla ya kuingia kwenye barafu, ajaribu sakafuni: akunje magoti, aegemee ubavu, akae chini taratibu. Akishaanguka akunje vidole, maana visu vya viatu vya wenzake vinapita hapo hapo. Kuinuka, apige magoti, aweke mguu mmoja mbele, asukume goti kwa mikono, asimame. Baada ya hapo ndipo atembee hatua fupi fupi kama bata. Akichoka au akilia, atoke akapumzike. Dunia haiishi leo.

Hili watoto wa kijijini wanalijua bila mwalimu. Wanaoteleza kwa gogo la mgomba kwenye kilima hawamwanzishi mgeni kileleni. Wanamweka chini kabisa, anaanguka, wanacheka, anacheka nao, kesho anapanda juu kidogo. Hofu inaisha yenyewe kwa sababu ameshaona kuwa kuanguka siyo mwisho.

Mtoto aliyelazimishwa kucheka huku anaogopa anajifunza jambo lingine: kwamba akilia, mzazi anaangalia simu. Hilo halitoki haraka kama jeraha la goti.

Baba yule si mtu mbaya, anampenda mwanae na alitaka bibi afurahi. Lakini bibi angefurahi zaidi kumwona mjukuu anaanguka, anainuka mwenyewe, anajifuta barafu magotini. Wazazi mnasemaje, video ile mngeirusha?