Albamu Yangu Haina Kava

Kila mwaka ukikaribia kwisha, ugonjwa ule ule hurudi. Watu wenye akili zao, wengine marafiki zangu, huketi na kuandika orodha ya albamu kumi zilizowalea. Nimezisoma nyingi mno, sasa naweza kuzikariri kabla hazijaandikwa. Thriller itakuwapo. Legend itakuwapo. Mmoja ataweka ya Pink Floyd ili tujue kwamba alisoma shule ya bweni. Mwingine ataweka ya Queen, na hapo hatakosa kutukumbusha kwamba Freddie Mercury alizaliwa Zanzibar, kana kwamba Zanzibar ilipiga hata noti moja katika nyimbo zile. Halafu huko chini, namba tisa au kumi, kwa heshima ya nyumbani, ataandika "zilipendwa". Hataji bendi, hataji mtu. Zilipendwa tu. Ni kama bwana harusi anayewashukuru wageni wake mmoja mmoja kwa majina, kisha anamalizia, "na wapishi."

Safari hii nimeombwa mimi. Nimekubali kwa sharti moja, kwamba nigombane kwanza.

Nimekulia Tabora, na ninachosema ni hiki: ukiuliza "albamu gani?" umeshaamua nani atashinda kabla hajajibu mtu. Albamu ni bidhaa ya biashara fulani. Santuri kubwa ya LP ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1948, na kampuni zikajifunza kuuza nyimbo kumi au kumi na mbili kwa mpigo, zikiwa na picha nzuri juu na maelezo nyuma. Si jambo baya. Lakini halikuwa jambo letu. Bendi zetu zilizobahatika kutoa santuri zilitoa zile ndogo, wimbo mmoja mmoja, na kwa miaka mingi zilikandamizwa Nairobi kwa sababu kwetu hapakuwa na kiwanda. Wimbo wenyewe ulikuwa mrefu kuliko sahani, kwa hiyo ulikatwa vipande viwili: upande wa kwanza mashairi, unageuza, upande wa pili chemko. Mtu akiwa anacheza na mchumba wake sebuleni, ilibidi waachane katikati ili mmoja akageuze sahani. Na hao ndio waliobahatika. Wengine wote waliishia katika utepe wa redio, ukapigwa Jumamosi mchana, ukarudishwa kabatini.

Basi sisi tulihesabu kwa nini? Kwa bendi, na kwa mtindo. Hakuna aliyeuliza Tabora Jazz wana albamu ngapi. Aliuliza kama ameisikia Segere Matata. Western Jazz walikuwa na Saboso. Baadaye Dar es Salaam ikagawanyika kati ya Msondo na Sikinde kama inavyogawanyika kati ya Simba na Yanga, na watu walinuniana kwa sababu hiyo. Mtindo ulikuwa ni namna magitaa yanavyojibizana, namna ngoma inavyoingia, namna kiuno kinavyokwenda, na jina ambalo bendi nyingine ikilichukua patakuwa na ugomvi. Huo ndio uliokuwa mkusanyo wetu wa nyimbo. Haukuwa na kava, lakini kila mtu aliujua mpaka wake.

Na mji huu haukuwa mdogo katika mambo hayo. Kiko Kids wa Salum Zahoro walikuwa wa Tabora, nao walikuwa wakipiga tangu kabla ya Uhuru. Tabora Jazz walikuwa hapa. Nyanyembe Jazz, jina lenyewe lilikuwa la Unyanyembe, walikuwa hapa. Western Jazz iliundwa Dar es Salaam lakini "Western" hiyo ni Jimbo la Magharibi, ni huku kwetu. Shem Karenga, ambaye wimbo wake wa Asha bado unaimbwa na watoto wasiojua nani aliutunga, alitokea Kigoma. Huwezi kushangaa ukiijua njia. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, nayo ilifuata takribani njia ya misafara ya zamani, Bagamoyo hadi Ujiji. Gitaa la Kongo lilivuka ziwa, likapanda treni, likashuka hapa kubadilisha behewa.

Kabla ya treni, njia ile ile ilibebwa mabegani. Burton na Speke walifika hapa mwaka 1857, Stanley mwaka 1871, na vitabu vyao vimejaa hesabu za mizigo: pembe, shanga, nyaya za shaba, majora ya merikani. Wapagazi wa Kinyamwezi waliimba njia nzima, na hilo nalo limeandikwa, kwa kifupi, wakati mwingine kwa malalamiko ya kelele. Katika kurasa nilizosoma sikuona jina hata moja la mtu aliyetunga wimbo. Jora lilihesabiwa kwa sababu jora lilikuwa na mnunuzi. Sisemi kwamba waandishi wa orodha za albamu kumi ni sawa na Stanley. Nasema wanashika kalamu ile ile.

Nasikia mtu akiniambia: lakini albamu ni fikra nzima, msanii ameipanga, wimbo wa tatu unajibu wa kwanza. Ni kweli, na zipo ninazozipenda kwa sababu hiyo. Songs for the Poor Man ya Remmy Ongala, ya mwaka 1989, naisikiliza kuanzia mwanzo hadi mwisho na sirushi wimbo. Ave Africa ya Sunburst, ya mwaka 1976, ni roki ya Kiafrika ambayo vijana wa Dar es Salaam walikuwa na haki ya kujivunia nayo hadi leo. Sasa tazama zilikotengenezwa. Remmy, mtoto wa Kindu aliyekuwa sauti ya wanyonge wa Dar, alirekodi albamu hiyo Uingereza, katika studio za Peter Gabriel. Sunburst walirekodi yao Zambia, na mwaka 2016 kampuni ya Uingereza ndiyo iliyoirudisha madukani. The Tanzania Sound, mkusanyo wa bendi zetu, ulitolewa Marekani na John Storm Roberts mwaka 1987. Western Jazz walipata albamu yao nzuri, yenye maelezo na picha, mwaka 2012, kutoka Sterns wa London, na jina lake ni la Kiingereza: Songs of Happiness, Poison & Ululation. Nawashukuru wote hao, tena kwa dhati. Lakini mtu akikupikia ugali wako mwenyewe mara nne, nyumbani kwako jiko linafanya kazi gani?

Na kuhusu hiyo fikra nzima: Legend, ambayo haikosekani katika orodha yoyote, Bob Marley hakuipanga. Alikufa mwaka 1981. Kampuni ilichukua nyimbo kutoka albamu zake mbalimbali, ikazipanga ilivyoona zitauzika, ikaitoa mwaka 1984. Ni kanda ya mchanganyiko. Ni kanda nzuri sana ya mchanganyiko. Kama hiyo inaruhusiwa, basi na yangu iruhusiwe.

Yangu niliinunua nikiwa mtoto, katika kibanda cha kurekodi kanda karibu na stesheni. Bibi yangu mzaa mama alikuwa akiuza asali, nami nilikuwa nikimsaidia kubeba madumu, na siku ile alinipa hela yangu mkononi badala ya kuninunulia daftari. Ulikuwa unachagua nyimbo kutoka daftari la muuzaji, anakurekodia, kesho yake unaifuata. Kanda ya dakika 60. Upande A nilichagua Tabora Jazz, Western Jazz, na wimbo mmoja wa bendi ambayo mjomba wangu alipiga gitaa la rithimu. Upande B, Bob Marley na Boney M, na Jim Reeves mmoja ambaye sikumwomba. Nafasi ilibaki, muuzaji akajazia alichokipenda yeye. Kwa hiyo hata mpangaji albamu ninaye. Aliandika majina ya nyimbo kwa kalamu ya bluu, herufi kubwa, na Jim Reeves alimwandika JIMU RIVU.

Jioni ile mjomba alikuja kumwamkia mama yake. Nilimwonyesha kanda nikitegemea atafurahi. Aliishika, akasoma upande A taratibu, akafika kwenye jina la bendi yake.

"Shilingi ngapi?" akauliza.

Nikamwambia.

"Hela umepata wapi?"

"Ya asali. Bibi kanipa."

Akacheka, lakini si sana. "Basi mjomba," akaniambia, "leo nimeibiwa mara mbili. Wimbo ni wangu, na asali ni ya mama yangu."

Hapo ndipo mabishano yangu yanapoingia tope, na sitaki kulikwepa. Yule bwana wa kibanda, aliyenipa muziki wote ninaoupenda, alikuwa mwizi. Hakuna jina la heshima zaidi. Wimbo ule bendi ya mjomba iliurekodi Dar es Salaam kwa siku moja, wote wakipiga kwa pamoja, mmoja akikosea wanaanza upya. Walilipwa mara moja, siku ile ile, na mgawo wake mjomba alisema ulikwisha kabla treni haijafika Dodoma. Waliowarekodi siwataji, kisa hiki si cha bendi moja. Baada ya hapo wimbo ulipigwa miaka na miaka, ukauzwa vibandani, ukachezwa kwenye mabasi, na yeye hakuona senti. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ilipopitishwa, gitaa alikuwa ameshaliuza.

Ndiyo maana sikubali kwamba orodha ni mchezo tu. Kinachoorodheshwa hutafutwa, kinachotafutwa hutunzwa, na kilichotunzwa chenye majina ya wapigaji kinaweza kudaiwa malipo. Thriller haihitaji msaada wako, ndugu yangu. Manu Dibango alipoona mlio wake wa Soul Makossa umeingia humo bila ruhusa, alikuwa na santuri yenye jina lake, akaenda kudai, akalipwa. Mjomba angekwenda na nini? Na JIMU RIVU?

Na hilo neno zilipendwa, naomba tuliache. Tazameni lilivyojengwa. Zilipendwa: -li-, yaani yamekwisha, na aliyependa hatajwi, na kilichopendwa hakitajwi. Bob Marley alikufa zamani na hakuna anayemwita zilipendwa. Asha anachezwa kwenye harusi ya Jumamosi hii hapa Ng'ambo, na watu wataacha sahani zao wainuke, halafu tunasema alipendwa.

Ninachodai si kikubwa. Nyimbo za bendi zetu zilizorekodiwa na Redio Tanzania ni mali ya nchi. Zitolewe bendi kwa bendi, kila moja na mtindo wake, ziuzwe kwa bei ya kweli. Maelezo yawe ya Kiswahili. Aandikwe mpiga solo, mpiga rithimu, mpiga besi, mpiga tumba, mwaka, na mji waliotoka. Warithi watafutwe, Tabora si kubwa hivyo, ukiuliza Kanyenye au Isevya hukosi mtu wa kukuonyesha nyumba. Hapo niulizeni tena albamu kumi, nami nitawapa kumi za mkoa huu peke yake na nitabaki na nyingine mkononi.

Kwa sasa ninayo moja. Upande A una kasoro: utepe uliisha kabla ya wimbo wa mwisho, na wimbo huo wa mwisho ni wa bendi ya mjomba. Chemko inapanda, gitaa la solo linaanza kupiga kelele, halafu kwa! kinu cha redio kinajizima. Jioni ile tulisikiliza wote watatu, mimi, bibi na mjomba. Ilipokatika mimi niliinuka kugeuza kanda. Mjomba alinyoosha mkono nikae. Alikuwa akigonga rithimu kwa kucha juu ya meza, amefumba macho, na aliendelea hivyo dakika mbili au zaidi, mpaka wimbo ulipokwisha.